Kichupa cha Saa Sita

Kazini walimwita Sekunde, kwa kuwa hakuwahi kukadiria. Wengine wakiandika sekunde kumi na tatu, yeye aliandika kumi na tatu nukta nne. "Sekunde," mpokea sampuli alizoea kumtania, "siku ya harusi utamshikia bwana saa?" Naye hujibu bila kuinua macho: "Akichelewa, nitaandika."

Ufundi wa maabara alirithishwa na Mjomba, kaka wa mama yake, ambaye alikuwa fundi mkuu wa maabara ya hospitali. Ndiye aliyempeleka chuoni, na ndiye aliyemfundisha kushika kichupa kama mtu ashikaye yai. Mashine ya kupima kuganda kwa damu ilikuwa imeharibika tangu mwaka uliotangulia, hivyo kazi ilifanywa kwa mkono: yale majimaji ya manjano ya damu hutiwa katika kichupa, kichupa katika beseni la maji vuguvugu, dawa ikadondoshwa, saa ikabonyezwa, kisha ni kuinamisha na kuinua, mpaka uzi wa kwanza wa damu iliyoganda uonekane. Kila damu ilipimwa mara mbili, na namba zote mbili ziliandikwa.

Asubuhi moja, saa mbili, ililetwa damu ya fundi wa paa aliyeteleza akaangukia kichwa. Sekunde aliipima: 13.4, kisha 13.9. Ilikuwa damu njema. Lakini kichwa kilichopondeka kina hila zake. Ubongo ulioumia huweza kuichochea damu igande ovyo mwilini, hata akiba ya kuigandisha ikaisha. Mgonjwa aliyekuwa salama asubuhi akavuja mchana kama gunia lililotoboka. Ndiyo maana hospitali iliweka kanuni: mgonjwa wa kichwa hupimwa tena baada ya saa nne, na mpasuaji hashiki kisu kabla ya jibu la pili.

Kichupa cha pili kilifika saa sita kamili. Mjomba akakipokea.

"Nenda ukale, mwanangu. Hiki nitakipima mwenyewe."

"Nimalize hiki kimoja tu, Mjomba."

"Kwani nani alimfundisha mwenzake, mimi au wewe?"

Wakacheka. Akaenda kula.

Aliporudi, jibu lilikwisha kupelekwa chumba cha upasuaji. Alifungua daftari kwa mazoea tu. Saa sita: 13.4, 13.9. Namba zilezile, kwa mfuatano uleule. Kwa kazi ya mkono, jambo hilo halitokei. Pembeni mwake, mahali pa aliyepima, palikuwa na herufi za jina lake yeye.

Akageukia kibao cha vichupa. Kichupa cha saa sita kilisimama na kifuniko chake, hakijaguswa.

Alinyanyua simu. "Msianze. Damu ya fundi wa paa haijapimwa."

"Jibu si tunalo hapa?" muuguzi alishangaa. "Daktari amekwisha nawa."

"Hilo si jibu. Nipeni nusu saa."

Akaizungusha damu kwenye mashine mpaka majimaji yakajitenga, akayapasha, akatia dawa. Sekunde kumi na tatu zikapita. Ishirini. Thelathini. Majimaji yaliendelea kuteleza kichupani kama maji ya kisima. Uzi wa kwanza ulionekana kwenye 41.2. Akarudia: 42.6. Akapiga simu tena, na mpasuaji akaagiza mgonjwa aongezwe majimaji ya damu ya wachangiaji kabla ya kupasuliwa.

Mjomba aliingia akijifuta midomo. Akaona daftari liko wazi.

"Kijana mzima kama yule," alisema polepole, "nani angedhani damu itabadilika kwa saa nne?"

"Kwa nini herufi zangu, Mjomba?"

Akavuta kiti, akaketi karibu naye kama alivyoketi siku zote za mafunzo. "Wewe ungali mchanga, watakusamehe. Mimi nimebakiza miezi minne nistaafu."

Kwa hiyo alikuwa amepanga. Kabla ya kuandika, alikwisha kupima nani kati yao wawili atatolewa kafara.

Mpasuaji alishuka mwenyewe, barakoa ikining'inia shingoni. "Nani alipima cha saa sita?"

"Hakuna, daktari," alisema Sekunde. "Mimi nilikuwa nakula."

Mjomba alitabasamu kwa huzuni. "Daktari, huyu binti nilimpokea hapa hajui hata kushika kichupa. Akikosea, anaona haya kukiri."

Huyu binti. Kwa miaka sita alikuwa akimwita "mwanangu".

"Alikuwa kantini," mpokea sampuli alidakia kutoka dirishani, na safari hii hakuwa akitania. "Tulikula meza moja, mzee. Usituone watoto."

Mpasuaji akalibeba daftari. Mjomba akatoka nyuma yake, akimweleza jambo kwa sauti ya chini.

Alasiri, fundi wa paa alitolewa chumba cha upasuaji akiwa hai. Sekunde alikuwa amepokea damu yake ya saa kumi wakati simu ya mama yake ilipoita.

"Mjomba wako kanieleza. Umemshtaki mbele ya wageni?"

"Mama, aliandika jina langu. Mtu angekufa."

"Amekufa?"

"Hapana."

"Basi ungenyamaza, mwanangu. Yule ni kaka yangu."

Sekunde alingoja mama aulize jambo jingine, lolote, lililomhusu yeye. Halikuja. Akaaga kwa adabu, akakata simu, akakipeleka kichupa kwenye beseni.