Gurudumu la Kusokotea na Chupa za Bia

Tuliokuwepo: jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, ndiyo maana tunasikilizana kwa Kiswahili hapa ugenini kwa Wafaransa; mwanawe wa pekee; wageni wawili wa kazini kwa huyo mwana; na mimi, niliyeteremka na sahani ya maandazi. Majina yao yote ninayo kichwani. Siyaandiki, maana tunapishana kwenye ngazi.

Bon, haya. Bibi alikuwa ametoka hospitali siku ile ile, na daktari hakumficha: siku zimebaki chache. Alitaka kitu kimoja tu, gurudumu lake la kusokotea pamba, alilorithi kwa nyanya yake. Kila asubuhi alisokota uzi kidogo huku akiimba. Aliwahi kuniambia, "Dada, kwa washairi wetu gurudumu ni huu mwili. Uzi ni jina la Mungu unavyolitaja. Msichana asiyesokota ataenda kwa bwana arusi mikono mitupu. Na bwana arusi ni Mungu mwenyewe, siku ya kufa."

Mimi na bibi tulilikuta sebuleni kwao, limekazwa kwa skurubu juu ya ubao, limekuwa meza ya vinywaji. Chupa za bia zimepangwa katikati ya njiti zake. Kokwa za zeituni, bado na mate ya watu, zimetemwa pale palipokuwa na kile chuma cha kuvutia uzi. Chuma chenyewe kimeng'olewa, na bila hicho gurudumu halisokoti.

Na mwana anawaeleza wageni, kwa Kifaransa kizuri: gurudumu ni mwili, uzi ni jina la Mungu. Neno kwa neno la mama yake! Huku anafungua chupa nyingine, povu linatiririka juu ya mbao. Wageni wanaitikia kwa vichwa, alors, kumbe, ni jambo la kina sana.

"Mwanangu," nikasema, "na mama yako akilala, utampangia chupa ngapi kifuani?"

Akacheka. "Ah, mama jirani, ni mapambo tu. Nimemheshimu."

"Chuma kiko wapi?" bibi akauliza.

"Nilikitupa. Kilikuwa na kutu."

Bibi hakulia. Aliomba pamba ya hospitali iliyokuwa mkobani mwake, akaketi, akaanza kuisokota kwa vidole juu ya paja, midomo ikicheza. Uzi ukawa mnene, wa vinundu, ukikatika kila mara. Mgeni mmoja akatoa simu, akampiga picha.

Nilibeba maandazi yangu nikapanda juu. Watu wale singewalisha.

Basi mliokuwepo, kama nimekosea mahali, kwa mfano kama aliyepiga picha ni mgeni yule mwingine, gongeni mlango wangu mnisahihishe.