Kutoka Githongo hadi Embu na Klachi Inayozama

Tulikwenda Embu kumtafutia baba yangu maneno. Kiharusi kilimpata msimu wa kuvuna kahawa, kikamlegeza mkono na mguu wa kushoto, kisha kikamfunga ulimi. Alibaki na neno moja tu, "ii", ndiyo ya Kimeru, na alilitumia hata alipomaanisha hapana. Aliyekuwa dereva wa lori miaka mingi sasa alishinda sebuleni akitazama ukuta. Tuliambiwa kuna mtaalamu wa matamshi anayefika kliniki moja ya Embu mara moja kwa mwezi. Mara mbili baba alikataa kwenda. Mara ya tatu alijinyanyua, akachukua kofia yake, nami sikumpa muda wa kubadili nia.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya kahawa ya Githongo, nilimsaidia kuingia katika pikapu yake kuukuu na kukaa kiti cha abiria. Gari hilo ni la gia za mkono, na sasa naliendesha mimi. Nilipokanyaga klachi, pedali ilizama laini kuliko kawaida. Nikasema labda ni baridi.

Kufika Nkubu, gia ya kwanza ilikuwa imeanza kukataa. Kila nikisimama kwenye matuta, nakanyaga klachi hadi chini, nasukuma gia, nayo inakwaruza hadi watu wanageuka. Niliamini giaboksi imekufa.

Baada ya Igoji barabara huteremka mabondeni na kupanda tena. Kwenye mwinuko mmoja lori lilisimama mbele yetu, nami nikasimama nyuma yake. Lilipoondoka, mimi sikuweza. Gia haikuingia kabisa. Nyuma yetu magari yalipiga honi. Nikavuta breki ya mkono, machozi yakanilengalenga, kwa sababu nilijua tukirudi nyumbani siku hiyo, baba hatakubali tena kutoka.

Baba alinyoosha mkono wake wa kulia akazima injini. Kisha akashika gia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, rivasi. Zote ziliingia bila shida. Akanitazama, akingoja nielewe. Nilipokawia, alionyesha mguu wangu, akapigapiga hewa kwa kiganja, juu na chini, haraka haraka. Nikaipampu pedali mara kadhaa nikahisi inakuwa ngumu. Nikawasha injini, gia ikaingia, tukaondoka.

Nilielewa tukiwa tayari tunapanda. Kama gia zinaingia injini ikiwa imezimwa, giaboksi ni nzima. Kinachokosea ni klachi, haiachii injini. Na kama kuipampu kunairudishia nguvu, basi ile oili inayoisukuma inavuja mahali.

Chuka tulifika jua likiwa limepanda, tukaingia gereji ya kando ya barabara. Fundi, kijana mpole aitwaye Mugambi, alisikiliza gia ikikwaruza, akasema giaboksi itabidi ishuke na gari lilale hapo. Nikamweleza alichofanya baba pale mlimani. Alifikiri kidogo, akaingia kwenye gari kujihakikishia. Alivuta breki ya mkono, akaipampu klachi, akatia gia ya tatu, kisha akaachia klachi polepole. Injini ikazimika. Akaniambia sahani ya klachi bado inashika, kwa sababu ingekuwa imeisha, injini ingeendelea kunguruma tu.

Alilala chini ya gari, akafunua silinda ndogo ya klachi iliyo kando ya giaboksi. Oili ikamtiririkia mkononi. Raba ya ndani ilikuwa imelika. Alipata nyingine duka la jirani, akaifunga, akajaza oili. Ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye paipu.

Hapo alihitaji mtu wa kukanyaga pedali na kumjibu, maana skurubu ya kutolea hewa hufunguliwa pedali ikiwa chini na hufungwa kabla haijapanda. Nilitaka kuingia mimi, lakini baba alikuwa ameshashika mlango. Alikaa nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza tangu augue, akaweka mguu wake wa kulia kwenye klachi. Mugambi hakujua habari za ulimi wake, nami kabla sijasema kitu alikuwa tayari chini ya gari.

"Mzee, ukifika chini uniambie."

Mugambi akangoja. Akarudia.

"Ii," baba alisema.

"Hiyo ii ni ya chini ama ya juu, mzee? Nisije nikaingiza hewa."

Midomo ya baba ilihangaika.

"Chini," alisema.

Skurubu ikafunguliwa, ikafungwa.

"Juu," baba alisema. Kisha tena, "Chini." Waliendelea hivyo hadi mapovu yakaisha, nami nikageuza uso barabarani ili nisimkatize kwa kulia.

Embu tulimkuta mtaalamu, mama wa makamo, akifunga mkoba wake. Alitazama mguu wa baba uliolegea, akaufungua mkoba tena. Alimwonyesha picha za kikombe na ng'ombe, lakini baba hakuzijali. Basi akamuuliza tu kilichotuchelewesha.

Baba alikawia sana kujibu. "Klachi," alisema. "Ilikuwa... na hewa."

Mama yule alizirudisha picha mkobani. Aliniambia mwezi ujao tulete vipuri vya gari.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kulala kwa binamu yetu, tulirudi. Njiani niliwaza kwamba nyumbani sote tulikuwa tumejifunza kuielewa "ii" yake, kwa hiyo hakuna aliyemhitaji aseme neno jingine. Mugambi alilihitaji, akalingoja.

Tukipanda kutoka mto Thuchi, baba aligusa goti langu la kushoto.

"Toa mguu."

Nilikuwa nimeuegemeza kwenye klachi bila kujua. Nikautoa, kisha nikamuuliza kwa nini, ingawa nilijua. Alianza kunieleza jinsi mguu unaopumzika pale unavyoila sahani, neno moja moja, akisimama, akirudia. Chuka ilikuwa imeshaanza kuonekana naye hajafika katikati ya maelezo, nami nikaendesha polepole ili amalize.