Sentensi ya Baba

Mpaka leo sipendi sauti ya maji yakiingia kwenye jagi la bati. Unaijua ile sauti: mwanzo yanapiga makelele kule chini, halafu kadiri yanavyopanda sauti inakuwa nyembamba, hadi unajua limejaa hata kama hujatazama. Nyumbani kwangu jagi ni la plastiki. Watoto wangu wanadhani nilipenda rangi.

Tulikaa mtaa wa Jericho, kwenye zile nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Baba alitoka kando ya ziwa, mama alitoka Murang'a, na walipooana pande zote mbili zilinuna. Basi wao wakaweka amri yao: humu ndani ni Kiswahili tu.

"Rozi hatakuwa wa huku wala wa kule," baba alipenda kusema. "Atakuwa wa Jericho."

Wala usidhani ilikuwa amri ya mdomo tu. Ndugu zake wakija Jumapili na kumsalimu kwa lugha yao, aliwajibu kwa Kiswahili, taratibu, bila kukasirika, mpaka wao wenyewe wakachoka. Mama naye akiungua kidole kwenye stovu ya mafuta ya taa, ungemwona anafumba macho kwanza, anameza kilio cha kwao, ndipo anasema, "Nimeungua." Jamani, kwetu hata maumivu yalitafsiriwa kabla ya kutolewa.

Kiswahili cha baba kilikuwa cha godauni, kule Industrial Area alikofanya kazi ya kupakia magunia. Kilikuwa kifupi na kilijaa amri. Lakini hicho hicho ndicho alichokuwa nacho cha kunipendea, na alikitumia. "Shika mkate." "Vaa sweta." "Pita upande huu, gari lisikuguse." Sikumbuki hata siku moja aliponiambia ananipenda, na sikumbuki hata siku moja nilipokosa kuelewa.

Kisha kifua kikamshika. Hospitali walimweka, wakamtoa, wakamweka tena, na mara ya mwisho wakamrudisha nyumbani bila kutuambia cha maana. Mama hakuweza kuacha kibanda chake cha mboga za sukuma wiki pale sokoni, kwa hiyo mimi niliachishwa shule kwa muda, nimwangalie mgonjwa. Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: kumgeuzia mto, kumpa uji, kumfukuzia nzi.

Alasiri moja, jua likiwa limejaa chumba kizima, baba alifungua macho na kunitazama vizuri kuliko siku zote. Akanishika mkono. Akasema sentensi moja, na haikuwa ya Kiswahili.

Sitaiandika hapa. Imeshatumiwa vya kutosha. Ilikuwa fupi, maneno manne, na neno la mwisho alilivuta kidogo kama mtu anayeita. Nilimwambia, "Sijasikia, baba." Akairudia vilevile, neno kwa neno. Homa ilikuwa imemnyang'anya Kiswahili chote, amri yake mwenyewe ikamshinda, na mimi sikujua hata neno moja kati ya yale manne.

Nikafanya anachofanya kila mtoto asiyeelewa mtu mzima: nikakisia. Kikombe kando ya kitanda kilikuwa kitupu na midomo yake ilikuwa imekauka. Nikasema, "Maji? Nakuletea maji, baba." Nikautoa mkono wangu mkononi mwake, nikachukua jagi la bati, nikakimbia.

Bomba la ndani lilikuwa kavu tangu asubuhi, kama ada yake. Kwenye bomba la nje foleni ilizunguka hadi kwa fundi viatu. Nikajaribu kupenya. "Wee Rozi! Panga laini kama wengine!" wakanipigia kelele, na nikapanga laini. Zamu yangu ilipofika nikasikiliza jagi likijaa, nikafurahi kwamba limejaa mpaka juu, nikarudi polepole nisimwage.

Baba alikuwa amekwisha kufa, uso ameugeuzia mlangoni. Mama aliporudi sokoni alitumia maji yale kumfuta.

Wiki ile ya matanga nyumba yetu ilijaa watu. Wa upande wa mama walikaa karibu na jiko, wa upande wa baba wakakaa karibu na mlango, na katikati palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeivuka. Siku ya pili baba mdogo, mdogo wake baba, aliinua mkono watu wakanyamaza. Yeye alifanya kazi ya reli na aliishi Muthurwa kwenye nyumba za reli, mtu wa tai na sauti nzito.

"Mtoto," akaniita. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini mwisho?"

Nyote mnajua uzito wa swali hilo. Kauli ya mwisho ya mtu haipingwi. Akisema ng'ombe auzwe, atauzwa. Akisema fulani asinizike, huyo hatakaribia kaburi. Nilisimama mbele ya watu wote nikaitoa ile sentensi kama nilivyopewa, kila sauti mahali pake, hata lile neno la mwisho nikalivuta. Nilikuwa mwepesi wa kukariri. Walimu walinisifia hilo.

Wanawake wa upande wa baba waliangua kilio. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa leso na kujikunja pale kitini. Sisi wengine tukadhani ni kilio cha matanga.

Baba mdogo alitazama sakafu. Kisha akamgeukia mama na kumwambia kwa Kiswahili, "Amesema huyu mtoto aje akae kwangu."

Mama alinitazama. "Rozi, ndivyo alivyosema? Hukukosea?"

"Sikukosea, mama," nikamjibu, na sikuwa nimekosea.

"Basi," akasema mama. "Mimi ni nani nimkatalie marehemu?"

Baada ya mazishi nilihamia Muthurwa. Sikuhitaji siku nyingi kuelewa niliitiwa nini. Mke wa baba mdogo alikuwa na mapacha wa kunyonya na kijana mdogo aitwaye Omondi, na yaya wao alikuwa ametoroka. Mimi ndiye niliyefua nepi, mimi niliyebeba pacha huyu mgongoni huku nikimbembeleza yule kwa mguu. Shule nilirudishwa muhula uliofuata, nusu siku, ile nusu ambayo mapacha walikuwa wamelala. Mama alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, na nduma za kuchemsha kwenye kikapu, akaketi kizingitini kama mgeni. Hakuwahi kuuliza kama ninateswa. Aliniangalia mikono.

Kitu kimoja tu nilipata katika nyumba ile. Wao hawakuwa na amri ya Kiswahili. Lugha ya baba ilikuwa kila mahali, kwenye sufuria, kwenye matusi, kwenye sala, na mtoto hahitaji kufundishwa. Inamwingia tu kama moshi unavyoingia kwenye nguo. Kwanza nilielewa "njoo" na "haraka", maana ndizo nilizoambiwa zaidi. Halafu zikafuata nyingine.

Ndipo Omondi akaugua malaria. Alikuwa amelala kitandani, macho mekundu, mama yake akisugua sufuria karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nimeshika jagi, natoka kuteka maji. Mtoto akamnyooshea mama yake mkono, akasema yale maneno manne. Yaleyale, na la mwisho akalivuta.

Mama yake hakumletea maji, wala hakumletea dawa. Aliiacha sufuria na mapovu yake, akaja akaketi kitandani, akamkumbatia na kumwambia, "Nipo. Siendi popote."

Nilisimama pale mlangoni na jagi langu. Hakuna aliyenitafsiria. Kaa hapa karibu nami. Hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi. Baba hakuwa na kiu. Hakuwa na habari ya Muthurwa wala ya mapacha wa mtu. Aliniomba nikae, na mimi nikaenda kupanga laini.

Jumapili nilimwambia mama, palepale kizingitini. Alinitaka niiseme tena, mara hii kwa Kiswahili. Nikaisema. Hakulia. Akaingia ndani bila kubisha hodi, baba mdogo akiwa anasoma gazeti, akamwuliza, "Shemeji, ulijua?"

Baba mdogo alikunja gazeti. "Mama Rozi, ningemwambiaje mtoto mbele ya watu kwamba baba yake alimwomba asiondoke naye akaondoka?"

"Rozi," mama akaniita bila kumwangalia tena, "funga nguo zako."

Tulitembea kwa miguu mpaka Jericho, kikapu cha nduma kikiwa bado kimejaa, na hatukusema lolote kwa lugha yoyote.

Kuna watu wanaoniambia baba mdogo alinionea huruma. Huruma! Huruma ya kumfulia nepi! Angeweza kusema baba aliniaga, akanyamaza, nami ningelala nyumbani kwetu usiku ule. Na wale waliolia kwenye matanga? Watu wazima wote wa upande wa baba walielewa nilichosema, kuliko mimi niliyekisema na mama aliyekuwa mkewe, na hakuna kati yao aliyefungua mdomo. Hao sijawasamehe, na sijifanyi.

Lakini hasira yangu iliyo kubwa, na nimechukua miaka mingi kuikubali, ni kwa baba. Alinifungia mlango wa lugha yake kwa mapenzi matupu, ili mtu asije akanivuta huku wala kule. Halafu siku alipokuwa na jambo moja tu la kuniomba, akaniomba akiwa nyuma ya mlango huohuo.

Siku hizi mgonjwa ninayemwuguza akiniambia neno nisilolielewa, sinyanyuki. Nakaa kwanza, namshika mkono. Akiwa na kiu, atakunywa baadaye.