Shilingi ya Guyo

Watu wangu, leo nimefunga duka mapema kwa aibu, na mnajua mimi aibu sina.

Mama Guyo wa Kiwanjani alikuja asubuhi na kikasha kidogo cha plastiki.
Ndani kuna shilingi ya miaka ya sabini.
Kijana wake Guyo aliifungia humo miaka ya themanini, akiwa mtoto wa shule anakusanya pesa za zamani.
Hakumaliza shule. Malaria ilimchukua.

Stika ya juu ilitoka kitambo, ikabaki gundi. Vumbi yote ya Isiolo imeshika hapo.

"Nitolee hii uchafu nione shilingi," akasema. "Lakini usifungue. Alifunga na mkono yake."

"Mama, hii ni kazi ya dakika. Enda sokoni, ukirudi utapata tayari."

Nikachukua ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, yenye nauzia wasichana. Nikapaka na pamba.
Gundi ikatoka yote. Nikajisifu hapo peke yangu.

Halafu plastiki ikageuka nyeupe kama maziwa.
Nikasugua. Ikazidi.
Shilingi haionekani tena.

Mama aliporudi nikamwambia, "Tufungue tu, nikupatie kikasha mpya."

Akaniangalia. "Na ile mkono, utanipatia mpya?"

Akaitingisha karibu na sikio. Shilingi ikagonga ndani.
"Bado iko," akasema, akaifunga kwa leso.

Kama unajua kurudisha plastiki iwe safi bila kuifungua, niambie. Utani leo tuache.