Mgeni Niliyemdhamini

Nilikuwa mshonaji wa nguo Kisangani, miaka ile ujenzi wa bwawa la Tshopo ulipojaza mji wanaume wenye suruali zilizopasuka magoti. Kazi haikunipungukia. Niliishi na baba yangu, niliyemwita papa, mjane aliyehamia zamani kutoka Kasongo, na cherehani yangu ilikaa barazani, ikitazama barabara.

Mchumba wangu alikuwa seremala wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Tulijuana nilipomsindikiza shangazi kule kununua vitambaa. Barua zake zilinitosha mimi, papa hazikumtosha.

"Mutu sijamuona, sitamupa mutoto wangu," alisema. "Akuje kwanza, nimuangalie."

Nikaenda ofisi ya serikali kumwombea ruhusa ya kututembelea. Karani, Mkongo mwenzangu, alinieleza kwamba mgeni wa nchi nyingine lazima awe na mdhamini: mtu wa kumlisha na kulipa nauli ya kumrudisha.

"Alors, bwana yako iko wapi, aweke sahihi?"

"Sina bwana. Mdhamini ni miye."

Alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Mwanamuke ndiye atalisha mwanaume?"

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nikianza kushona, nasimama. Nikisimama, sijui ninakwenda wapi. Ndipo nikakumbuka kwamba serikali hiyohiyo ilikuwa ikinitoza kodi ya wanawake wasio na waume. Nikachukua stakabadhi za kodi hiyo, nikarudi, na safari hii nikang'ang'ania kumwona msimamizi mwenyewe, Mbelgiji.

"Munanitoza kodi kwa sababu najilisha," nikamwambia. "Leo nikisema najilisha, hamuamini?"

Alizigeuzageuza zile karatasi. Hakutabasamu. "Bon," akasema. Alitaka nauli ya kurudi iwekwe palepale ofisini, nikaiweka. Kisha akaandika masharti: mgeni atakaa mwezi mmoja tu, wala asifanye kazi yoyote.

Kungoja kulinikondesha. Kila siku ya treni kutoka Ponthierville nilivuka mto kwa kivuko hadi stesheni, nikatazama watu wakishuka, nikarudi peke yangu. Nikiwa nyumbani nilishona mikono ya shati nje ndani, nikaifumua, nikakosea tena.

Mwishowe alishuka, amekonda kwa safari, sanduku la vifaa vya useremala begani. Papa alimpokea kwa adabu, akampatia chumba kwa jirani, na kuanzia hapo hakugusia tena habari ya ndoa. Kila jioni walikula pamoja, samaki na wali, na kila jioni nilimvizia papa usoni nisione kitu.

Mchumba wangu naye hakutulia. Asubuhi alifagia uwanja wetu, akatembea hadi kwenye maporomoko ya mto, akarudi, akaondoka tena. Mezani alikula kidogo, kama mtu anayeona haya.

"Nimekuwa wa kulishwa," aliniambia siku moja. "Mikono hii haijazoea kukaa bure."

"Vumilia. Wamekukataza kazi. Wakikukamata watakurudisha kabla papa hajasema neno."

Alivumilia, lakini si hadi mwisho. Asubuhi moja nilisikia sauti ya randa nyuma ya nyumba. Mlango wa chumba cha papa ulikuwa umeoza chini, umebaki na bawaba moja. Alikuwa ameung'oa na sasa analainisha mbao mpya, jasho likimtiririka, uso umechangamka kuliko siku zote tangu aje. Kabla sijamzuia, polisi wa mtaa wetu, aliyezijua habari zetu, alikuwa akipita barabarani na alikwishafuata sauti ile hadi uwanjani.

"Weye mugeni, unafanya kazi? Papier yako inasema nini?"

Mchumba wangu aliinuka, randa mkononi. Papa akatoka ndani bila viatu.

"Hapana kazi," akasema. "Anatengeneza mulango ya mukwe wake. Hiyo ni mahari."

Polisi alimtazama papa, akanitazama mimi, akacheka. "Donc, papa, umekubali?"

"Nimesema hivyo," papa akajibu. Akamgeukia mchumba wangu. "Maliza basi. Usiku watu wanaona kitanda yangu."

Polisi aliondoka. Nilikaa chini palepale penye takataka za mbao, nikaanza kuzikusanya.

Tulifunga ndoa mbele ya shehe kabla ya mwezi kwisha. Ofisi haikujali: mwezi ukiisha, lazima aondoke. Siku ya mwisho nilivuka mto pamoja na mume wangu, akapanda treni, nami nikaanza upya kuhangaikia ruhusa nyingine, ile ya kuishi na kufanya kazi. Ilichukua karibu miaka miwili, njoo leo, njoo kesho. Aliporudi, mtoto wetu, aliyezaliwa yeye akiwa hayupo, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Alimwona baba yake mlangoni, akaogopa, akalia kwa nguvu, na ilipita siku kadhaa kabla hajakubali kubebwa naye.