Makopa Juu ya Mbao

Tanuri letu la kukaushia mbao lipo Kasulu, nje kidogo ya mji, na mimi ndiye ninayelitunza. Wageni wakisikia tanuri wanategemea kuona mikate. Hili ni chumba kikubwa chenye feni ndani, na joto lake linatoka kwenye boila tunayoilisha maranda na mabanzi. Mbao zinapangwa tabaka kwa tabaka, vijiti katikati ili hewa ipite, na juu kabisa tunaweka mawe zisije zikapinda. Mlango ukishafungwa haufunguliwi ovyo. Mbao ya mkaratusi iliyopata moto ikipigwa na baridi ya ghafla inapasuka, na hapo hata mteja mpole atakutukana.

Mwaka ule mvua ilikataa kukata. Mama mkwe wangu alikuwa ameng'oa muhogo wa shamba lake lote la Nyakitonto, akauvundika, akitegemea jua la kuanikia makopa. Jua halikuja. Muhogo uliovundikwa haumsubiri mtu, unaota ukungu, na ule ndio ulikuwa chakula chake mpaka msimu mwingine. Akaniomba nafasi tanurini. Nikamkatalia, tena kwa ukali, nikamwambia pale ni kazini, si darini kwake. Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua.

"Haya, mkamwana," alisema, akajifunga kitenge chake vizuri akaondoka. Mama yule si mtu wa kukubali upesi namna ile, lakini nilikuwa na mbao za kupanga.

Tanuri lilipokwisha kushika moto, matundu ya kutolea mvuke yakaanza kutoa harufu ya muhogo. Nikamwita mlinzi. Akaanza kutazama viatu vyake. Kumbe nilipokwenda kula alimfungulia mama, wakapanda ngazi wote wawili na kutandaza makopa juu ya rundo, katikati ya yale mawe. Mimi ni mfupi. Nilirudi, nikafunga mlango, nikawasha.

Kufungua sikuweza, maana mbao zote zilikuwa za fundi mmoja wa Kibondo na zingepasuka. Kwa hiyo tukasubiri. Mama alikuwa akija asubuhi, anakaa kwenye gogo karibu na boila, mikono mapajani, anautazama ule mlango. Nilikuwa na hasira naye, na wakati huohuo nilikuwa naomba Mungu yale makopa yasiharibike.

Siku ya kufungua, mbao zilitoka zimenyooka. Mlinzi akapanda, akashusha makopa. Yalikuwa meupe, makavu, ukiyagonga yanalia kama vigae. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikashindwa kuendelea kununa. Akayapeleka mashineni siku hiyohiyo.

Jioni akasonga ugali. Mvuke ulipopanda, wanangu wakatazamana. Yale makopa yalikuwa yamekunywa harufu yote ya mkaratusi, na ugali ulinukia dawa ya kikohozi. Mkubwa akalamba kidogo akasukuma sahani. Mdogo aliuliza kama bibi anaumwa. Mume wangu akasema ameshiba, naye alikuwa ndiyo kwanza ameingia.

Nilimwonea mama huruma, kwa kweli. Shamba zima. Nikamwambia kwa moyo mweupe, "Mama, huu tuwape nguruwe. Unga nitakununulia mimi, mpaka utakapovuna tena."

Hakuinua macho. Alimega tonge, akachovya kwenye maharage, akatafuna polepole, akameza.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "nilipokuwa mkimbizi kambini nimekula unga wa kupewa miaka na miaka. Ulikuwa mzuri, haukunuka kitu. Huu unanuka, lakini nimeulima mimi."

Akamega tonge jingine. Nikanawa mikono, nikasogea kwenye sahani yake, nikala.