Nilizificha Raba za Mume Wangu

Nimekosa, ndugu msomaji. Naandika bila jina kwa sababu mwenyewe niliyemkosea hajui mpaka leo, na kila nikitaka kumwambia nashindwa.

Tunaishi Miembeni, hapa Bukoba mjini. Mume wangu alikuwa mtu wa ofisini Muleba, anakwenda kwa gari, anarudi kwa gari, kitambi mbele. Daktari alimwambia presha imepanda, afanye mazoezi. Alianza na kuacha, akaanza tena na kuacha. Kisha binti yetu akachumbiwa. Akanunua raba nyeupe, akaniambia, "Mke wangu, mtoto huyu nataka nimfikishe madhabahuni kwa miguu yangu, bila kuhema!"

Basi! Kila asubuhi akawa anatembea hadi ziwani na kurudi, hata manyunyu hayakumzuia. Kitambi kikaisha, mashati yakampwaya.

Tukaenda Kaagya kwa mama mkwe. Alimshika mwanawe mashavu, akanigeukia mbele ya mawifi: "Mkamwana, migomba yote hii, na mwanangu anakonda? Unampikia nini huko mjini?" Wifi mmoja akaguna. Jamani, aibu! Kwetu mume akikonda, anayesemwa ni mke.

Nilirudi nimevimba kwa hasira. Raba nikazifungia sandukuni, chini ya vitenge vyangu.

"Mama, umeziona raba zangu?" mume wangu akaniuliza asubuhi.

"Sijui. Si ulizianika nje? Labda zimeibwa."

Alitafuta siku tatu. Akajaribu kutembea na kandambili, vidole vikachubuka. Siku ya nne alilala mpaka jua likatoka, nami nikampakulia ndizi na nyama ya mafuta. Nilifurahi, Mungu anisamehe! Mashavu yakarudi, na mama mkwe akanisifu.

Kiharusi kilimwangusha wiki mbili kabla ya harusi. Upande wote wa kulia. Binti yetu alisindikizwa kanisani na baba yake mdogo. Nililia sana siku ile, watu wakadhani ni furaha.

Sasa wataalamu wamesema atembezwe kila siku. Nikazitoa zile raba. Nilipopiga magoti kumvalisha, alizitazama, akauliza kwa shida, "Umezipata wapi?"

"Stoo," nikasema. Uongo mwingine!

Wanawake wenzangu, mtu akishapata kitu cha kumwamsha kitandani, mwacheni aende. Msimzuie kwa kuogopa maneno ya watu. Wale mawifi hata hawakumbuki walichosema siku ile, wala hakuna aliyekuja kunisaidia kumgeuza kitandani.

Mimi kila asubuhi namfungia kamba za raba, ananiegemea, tunazunguka uani mara mbili. Tukimaliza ananishika bega kwa ule mkono mzima na kusema, "Ahsante, mama, kwa kunitafutia raba zangu."